Neno "hand" la Kiingereza: jinsi ya kulielewa na kulitumia bila kubahatisha

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri maelezo ya fundi mmoja aliyeumia kazini. Alikuwa amesema kwa Kiswahili, "Mashine imeniponda mkono wa kulia." Nami, bila hata kumwona mgonjwa mwenyewe, nikaandika "his right arm was crushed". Kumbe kilichopondwa ni kiganja na vidole viwili. Kuanzia kifundo kwenda juu alikuwa mzima kabisa. Karatasi zikarudishwa, kwa sababu picha ya eksirei ilionyesha kitu kimoja na tafsiri yangu ikasema kingine. Yule fundi akasubiri wiki tatu zaidi, bendeji mkononi, kwa ajili ya neno moja nililolichagua vibaya. Nilipaswa kuandika "hand".

Tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia neno hili kila ninapolikuta, nikiliandika daftarini pamoja na sentensi yake. Nilichogundua ni kwamba wengi wetu tunakwama kwa sababu tunalisoma peke yake, kana kwamba maana yote imo ndani ya zile herufi nne. Haimo. Maana ya "hand" huletwa na majirani zake: kijineno kinacholitangulia, kihusishi kilicho kando yake, umoja au wingi wake. Ukizoea kutazama majirani kwanza, sentensi nyingi zitakufungukia bila kamusi. Chukua daftari, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Weka mpaka wa kiungo chenyewe

Kwa Kiswahili, "mkono" ni kiungo chote kuanzia begani hadi ncha za vidole. Kiingereza kimekigawa. Kutoka begani hadi kwenye kifundo ni "arm". Kifundo chenyewe ni "wrist". Kutoka hapo hadi ncha za vidole ni "hand". Wataalamu wa mwili huhesabu mifupa 27 katika "hand" moja: 8 midogo ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole.

Njia ninayowapa wanafunzi wangu ni hii: glavu hufunika "hand", mkono wa shati hufunika "arm". Kila unapotaka kutafsiri "mkono", jiulize jambo lenyewe linatokea wapi, penye glavu au penye shati.

Jaribu na sentensi za kila siku. "Nimevunjika mkono" mara nyingi ni "I have broken my arm", kwa kuwa mifupa inayozungumziwa kwa kawaida ni ile mirefu iliyo chini au juu ya kiwiko. Iwapo ni mifupa ya kiganja, hapo sema "hand". Na uangalie umbo la sentensi: sisi tunasema "nimevunjika", kama jambo lililonipata. Mwingereza husema "I broke my arm" hata kama alianguka tu ngazini na hakukusudia kuvunja chochote.

"Mama amempakata mtoto mikononi" ni "in her arms". Ukisema "in her hands", msikilizaji anaona mtoto ameshikwa kwa viganja kama mtu anavyoshika kikombe. Kwa kifaranga ni sawa, kwa mtoto wa miezi minane hapana. "Sindano ya mkononi" ni "in the arm" iwapo imechomwa karibu na bega, kama zinavyochomwa chanjo nyingi. "Saa ya mkononi" haiko kwenye "hand" wala kwenye "arm": ni "wristwatch". Na "wanatembea wameshikana mikono" kuna namna mbili. Wakishikana viganja ni "hand in hand". Mmoja akipitisha mkono wake kwenye kiwiko cha mwenzake ni "arm in arm".

Kuna mahali pamoja ambapo Waingereza wenyewe huuvunja mpaka huu, nako ni uwanjani. Kosa la "handball" katika soka haliishii kwenye kiganja. Sheria za mchezo zinahesabu mkono mzima, mpaka wa juu ukiwa usawa wa chini ya kwapa. Kwa hiyo mchezaji anaweza kuadhibiwa kwa "handball" ilhali mpira umemgonga juu ya kiwiko. Watangazaji wetu wana kitenzi kizuri kuliko hicho, wanasema "ameunawa". Lakini goli maarufu kuliko yote ya aina hiyo lilifungwa kwa "hand" halisi: tarehe 22 Juni 1986, jijini Mexico City, Diego Maradona aliusukuma mpira kwa ngumi dhidi ya Uingereza, kisha akasema goli lile lilitokana kidogo na kichwa cha Maradona na kidogo na mkono wa Mungu. Dunia nzima ikaliita "the Hand of God". Tahadhari ndogo: "handball" ni jina pia la mchezo mwingine kabisa, mpira wa mikono.

Hatua ya 2: Taja mwenye mkono

Hili ni kosa dogo linalomtambulisha mzungumzaji wa Kiswahili mara moja. Sisi tunasema "nimenawa mikono", "akanyoosha mkono", "wakafumba macho". Hakuna haja ya kusema mikono ya nani, maana utanawa ya nani tena? Kiingereza kinataka mwenyewe atajwe: "I washed my hands", "She raised her hand". Ukisema "I washed hands" utaeleweka, ila sentensi itasikika imekatika.

Kinyume chake, unapoleta sentensi kama hizo kwenye Kiswahili, ondoa umilikishi. "He put his hands in his pockets" ni "alitia mikono mifukoni", basi. "Alitia mikono yake katika mifuko yake" ni Kiingereza kilichovalishwa maneno ya Kiswahili.

Hatua ya 3: Soma kijineno kilicho mbele

Hapa ndipo neno linapobadilika kabisa, na ndipo ningependa utumie muda mwingi. Tazama sentensi hizi ukizitofautisha kwa jicho tu:

"Give me your hand." Nipe mkono wako. Mtu anataka kukushika, labda akuvushe barabara.

"Give me a hand." Nisaidie. Hakuna anayetaka kushika kiganja chako. Anainua meza nzito na anahitaji mtu wa upande wa pili.

"Give her a big hand." Mpigieni makofi ya nguvu. Husemwa na mshereheshaji mbele ya watu.

Kitenzi ni kilekile, nomino ni ileile. Kilichobadilika ni "your", "a" na "a big". Nilimwona mwanafunzi mmoja makini sana, msomaji wa kweli, akisoma ile ya tatu kwa sauti darasani na kuitafsiri "mpe mkono mkubwa". Aliona mwenyewe kwamba haileti maana, akaguna, akarudi nyuma, akaweka kidole chini ya "a". Akauliza, "Hii 'a' inafanya nini hapa?" Swali hilo ndilo nataka ulichukue uondoke nalo. Kila ukikutana na "hand", weka kidole chini ya kilicho mbele yake na uulize kinafanya nini.

Mbele ya "hand" panaweza pia kukaa kivumishi, na mara nyingi hicho ndicho hubeba mzigo wa maana. "A free hand" ni ruhusa ya kuamua mwenyewe bila kuuliza kila mara. "The upper hand" ni kuwa na nguvu kuliko mpinzani, na daima huja na "the". "An old hand" hana uhusiano na uzee wa ngozi, ni mtu mzoefu, mkongwe wa kazi. "A dab hand" ni fundi wa jambo fulani, msemo unaopendwa zaidi Uingereza. "Bare hands" na "empty-handed" zote sisi tunaziita mikono mitupu, kwa hiyo chunga. Aliyepigana na simba mikono mitupu alipigana "with his bare hands", yaani bila silaha. Aliyerudi kutoka safarini mikono mitupu alirudi "empty-handed", yaani bila chochote.

Na wingi nao una kazi yake. "A hand" ya msaada haiendi wingi: huombi "give me hands" hata ukiwa na mizigo kumi. Lakini kusalimiana kwa mkono ni "shake hands", wingi, kwa kuwa mikono inayohusika ni miwili, wako na wa mwenzako: "I shook hands with him." Ukimtaja mwenye mkono, umoja unarudi: "I shook his hand."

Hatua ya 4: Soma kihusishi

Kiingereza kikiondoa "a", "the" na "my", kikabakiza kihusishi na "hand" tupu, basi karibu kila mara kiungo cha mwili kimeshaondoka na kilichobaki ni msemo. Vihusishi hivi vinafanana machoni lakini kila kimoja kina njia yake.

"At hand" ni karibu, kwa mahali au kwa wakati. "Help is at hand", msaada umekaribia. "The matter at hand" ni suala lililo mbele yetu, na ni msemo wa kufaa sana kwenye mikutano watu wanapoanza kupotea njia.

"On hand" ni kuwepo tayari pale kitakapohitajika. "A nurse was on hand", muuguzi alikuwepo tayari. Lakini ongeza umilikishi na wingi, inakuwa mzigo: "I have three sick children on my hands", nina watoto watatu wagonjwa wa kuuguza. "Time on my hands" ni muda usio na kazi.

"In hand" ina sura mbili. Ya kwanza ni kudhibitiwa: "Everything is in hand", kila kitu kinashughulikiwa, usihofu. Ya pili ni kuwa na akiba: timu yenye "a game in hand" ni ile iliyocheza mechi pungufu kuliko wenzake, ile tunayosema ina kiporo.

"Out of hand" ndiyo inayowachanganya wengi. "The meeting got out of hand" maana yake mkutano ulivurugika, haukudhibitika tena. Lakini "He rejected my idea out of hand" ni jambo jingine: alilikataa wazo langu papo hapo, bila hata kulipima. Kitenzi ndicho kinachoamua. Ukiona "get" au "be", ni vurugu. Ukiona "reject", "dismiss" au "refuse", ni kukataa bila kufikiri.

"By hand" ni kwa mkono, si kwa mashine. Ukiiona kwenye bahasha, maana yake barua imeletwa na mtu, haikupitia posta.

"Offhand", siku hizi huandikwa neno moja, ni papo kwa papo bila kutafuta: "I can't say offhand", siwezi kusema hivi hivi bila kuangalia. Mtu akielezwa kuwa "offhand" tabia yake, ni mkavu, hajali anayezungumza naye.

Na hii uiwekee alama nyekundu: "in the hands of" na "at the hands of". Ya kwanza ni mikononi mwa, chini ya mamlaka au uangalizi wa mtu, na inaweza kuwa njema: "You are in good hands", uko mikononi mwa watu wanaojua kazi yao. Ya pili huja karibu kila mara na mateso au kushindwa: "They suffered at the hands of their captors." Nimeshasoma barua ya shukrani ambamo mwandishi alimaanisha alitunzwa vizuri, akaandika alitunzwa "at the hands of the nurses". Aliyeipokea bila shaka alishtuka kabla hajamaliza sentensi.

Usijaribu kuvimeza vyote kwa siku moja. Chagua viwili, vitumie wiki nzima kwenye sentensi zako mwenyewe, kisha ongeza vingine.

Hatua ya 5: Angalia kama ni kitenzi

"Hand" ikikaa mahali pa kitenzi, maana ya msingi ni kumpa mtu kitu mkononi: "Hand me the keys." Ni nyembamba kuliko "give". "Give" hubeba hata ushauri, muda na ruhusa, ilhali "hand" kwa kawaida huhusu kitu kinachoshikika, kinachotoka kiganja hiki kwenda kile.

Kisha huja vijineno vya nyuma. "Hand in" ni kuwasilisha au kukusanya kazi kwa mkubwa: daftari kwa mwalimu, ripoti kwa msimamizi. "Hand in your notice" ni kutoa taarifa ya kuacha kazi. "Hand out" ni kugawa. "Hand over" ni kukabidhi, iwe funguo, ofisi au mtuhumiwa. "Hand back" ni kurudisha. "Hand down" ni kurithisha, kutoka kizazi hiki kwenda kingine, na pia ndiyo inayotumika mahakama inapotoa hukumu. Nguo ambazo mdogo huzirithi kwa kaka yake zinaitwa "hand-me-downs".

Sasa kanuni ambayo ukiishika utaepuka kosa la kawaida kuliko yote. Kitu kikiwa nomino, unaweza kukiweka pande zote mbili: "hand in the report" au "hand the report in". Kikiwa kiwakilishi kama "it" au "them", lazima kiingie katikati: "hand it in", "hand them out". Kamwe usiseme "hand in it". Isome kwa sauti mara kumi mpaka ulimi uikatae ile mbaya wenyewe. Mimi niliibandika juu ya meza yangu kwa miezi.

Upo msemo mmoja ambao haubashiriki kwa kanuni yoyote: "You have to hand it to her." Hakuna kinachokabidhiwa. Maana yake ni lazima tumkubali, anastahili sifa, hata kama hatumpendi.

Hatua ya 6: Vitu vingine vinavyoitwa "hand"

Akrabu au mishale ya saa ni "hands": "hour hand", "minute hand", "second hand". Hapa kistari kina thamani. "Second hand", maneno mawili, ni mshale wa sekunde. "Second-hand" yenye kistari ni kitu kilichokwisha kutumika, na kwa nguo ni mtumba. Habari za "second-hand" ni za kusikia kwa watu, na za "first-hand" ni za mtu aliyeshuhudia mwenyewe.

Karata alizogawiwa mchezaji mmoja ni "a hand". Kutoka hapo ndiko ilikotoka misemo ya "show your hand", kufichua mipango yako, na "force someone's hand", kumlazimisha mtu aamue kabla hajawa tayari. Ukiwa na picha ya karata kichwani hutahitaji kuikariri.

Ndizi nazo. Mkungu umegawanyika katika machana, na kila chana kwa Kiingereza ni "a hand", ndizi mojamoja ikiwa "finger". Nadhani aliyebuni majina haya aliitazama chana vizuri.

Mfanyakazi wa kazi za mikono ni "a hand": "farm hand" shambani, "deckhand" melini. Ndiyo maana nahodha anayehitaji kila baharia husema "all hands on deck", na kazi ikipungukiwa watu tunasema "we are short-handed".

Farasi hupimwa urefu kwa "hands", kutoka ardhini hadi pale shingo inapokutana na mgongo. "Hand" moja ni inchi 4, yaani sentimita 10.16. Ugumu uko kwenye nukta. Farasi wa "15.2 hands" hana 15 na sehemu mbili za kumi, bali "hands" 15 na inchi 2, jumla inchi 62. Kwa hiyo baada ya 15.3 inafuata 16, wala hakuna 15.4. Anayesoma makala za farasi bila kujua hili hukosea hesabu zote.

Mwandiko pia ni "hand", ingawa siku hizi "handwriting" ndiyo ya kawaida. Na kuomba "her hand in marriage" ni kuposa.

Hatua ya 7: Maneno yaliyozaliwa na "hand"

Mengine hayana siri: "handbag", "handmade", "handcuffs" ambazo ni pingu. "Handful" ni konzi, lakini "the boy is a handful" maana yake mtoto mtundu, anahitaji macho yote mawili. "Handy" ni cha kufaa na kilicho karibu. "Hands-on" ni kwa vitendo, na "single-handed" ni peke yake bila msaidizi, wala si mwenye mkono mmoja. "Shorthand" ni hati mkato.

"Handsome" ina historia inayopendeza: zamani ilimaanisha kitu kilicho rahisi kushika au kutumia, kikaja kuwa cha kufaa, mwishowe ikawa mtanashati. Ile "d" haitamkwi. Vivyo hivyo kwenye "handkerchief", ambayo ni leso.

"Handicap" ilitokana na "hand in cap", mchezo wa kubadilishana vitu wa karne ya 17 ambapo washiriki walitia mikono ndani ya kofia yenye fedha. Ukaingia kwenye mbio za farasi, kwa maana ya mzigo wa ziada anaobebeshwa farasi mwenye kasi ili wote wawe sawa. Baadaye likatumika kwa watu wenye ulemavu, na matumizi hayo ninakuomba uyaache kabisa. Wengi huyaona kuwa ya kudhalilisha. Sema "disabled person" au "person with a disability".

"Red-handed" imetoka katika lugha ya sheria ya Scotland: mtu aliyekamatwa damu ya aliyemdhuru ikiwa bado mikononi. Leo ni yeyote aliyekamatwa papo hapo. "Hands down", kushinda kwa urahisi, ilianzia kwa wapanda farasi walioshusha mikono na kulegeza hatamu wakijua hakuna wa kuwafikia. Na "wash my hands of it", kujitoa katika jambo, ni Pilato mbele ya umati, Mathayo 27:24. Tunao msemo huo huo wa kunawa mikono, na umetoka kisima kimoja.

Tahadhari kuhusu kufanana: "handaki" halihusiani na "hand" hata kidogo. Limetoka Kiarabu.

Hatua ya 8: Rudi na mkono wa Kiswahili

Watu husahau kupita njia hii upande wa pili. Chukua misemo yetu yenye mkono, uone ni mingapi inavuka na mkono wake. "Ana mkono wake katika jambo hili" inavuka salama: "He had a hand in it." Mkono wazi, kwa mtu mkarimu, ni "open-handed". Lakini mkono wa birika, bahili, hageuki "hand" bali ngumi: "tight-fisted". Mwenye mkono mrefu, mwizi, anageuka vidole: "light-fingered". Kuunga mkono ni "support" tu. Mkono wa pole ni "condolences". Mkono wa shati ni "sleeve". Na kuishi maisha ya kijungu meko kunarudisha mkono ambao sisi hatukuutaja: "to live from hand to mouth".

Hatua ya 9: Jipime

Funika majibu, andika yako kwanza.

"Mtoto amelala mikononi mwa mama yake." Jibu: "The baby is asleep in his mother's arms." Au "her", ikiwa ni wa kike.

"Nawa mikono kabla ya kula." Jibu: "Wash your hands before you eat." Umekumbuka "your"?

"Ripoti nimeshaiwasilisha." Jibu: "I have already handed it in", kama ripoti imeshatajwa, na "it" ikae katikati.

"She dismissed the plan out of hand." Jibu: Aliukataa mpango ule papo hapo, bila hata kuupima.

Ya mwisho ndiyo ngumu, ipe dakika tano: "Luckily a farm hand was on hand to give us a hand." Jibu: Kwa bahati nzuri alikuwepo kibarua wa shamba, akatusaidia. Kama katika tafsiri yako "mkono" umejitokeza hata mara moja, rudi kwenye hatua ya 3, ya 4 na ya 6, uweke kidole chini ya kila jirani, kisha andika upya.